Gari la Marekani la paa la kukunjwa: Ya kukagua kabla ya kulileta Eastlands

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, gari halijawahi kuwa chombo cha kusafiria tu. Wakazi wa Buruburu, Umoja, Donholm na Dandora wamekua wakitazama matatu zilizochorwa picha kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, na wapo wanaotambua injini kwa mngurumo wake kabla gari halijachomoza kwenye kona. Si ajabu basi kwamba mtu aliyefanikiwa, akishasomesha watoto na kumaliza deni la nyumba, huanza kuwazia gari la Kimarekani lenye nguvu nyingi na paa la turubai linalokunjwa, lililotembea kilomita chache, alihifadhi na pengine lipande thamani.

Aghalabu fedha za ndoto hiyo hutoka kwenye mkopo wa chama cha akiba au mauzo ya ploti. Gari likifika na kuonekana si lile lililotangazwa, ploti hairudi.

Jambo la kwanza ni sheria. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) hakiruhusu kuagizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, na kinataka usukani uwe upande wa kulia. Katika mwaka 2025, kwa mfano, magari yaliyokubaliwa ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Mustang za kale, zile ambazo kampuni ya Ford ilizizindua jijini New York mnamo Aprili 17, 1964, zinanaswa na masharti yote mawili: ni nzee na usukani wake uko kushoto. Kwa mnunuzi wa kawaida, gari la aina hiyo haliwezi kupatikana ila liwe tayari limesajiliwa humu nchini tangu zamani.

Kinachobaki ni magari mapya kiasi, nayo si mengi. Ford ilianza kuunda Mustang zenye usukani wa kulia mwaka 2015, katika kiwanda chake cha Flat Rock, jimbo la Michigan. Kabla ya hapo, karibu kila Mustang ya usukani wa kulia ilikuwa imebadilishwa na mafundi baada ya kutoka kiwandani, na ubora wa kazi hiyo ulitegemea mkono wa fundi. Chevrolet nayo haikuunda Corvette ya usukani wa kulia hadi kizazi cha nane cha gari hilo, kilichozinduliwa 2019, na bei yake iko mbali mno. Kwa hivyo anayezungumzia gari la Kimarekani la kasi lisilo na paa jijini Nairobi, mara nyingi anazungumzia Mustang.

Mustang hizo huja na injini za aina mbili. Ipo ya lita 2.3 yenye silinda nne, na ipo ya lita 5.0 yenye silinda nane, ambayo nguvu zake hupita farasi 400. Hiyo ya pili ndiyo inayotafutwa na wahifadhi wa magari, na ndiyo inayotozwa kodi kubwa zaidi. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 35 ya thamani ya gari kama inavyokadiriwa na Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA). Juu ya jumla hiyo huongezwa ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi sentimita 3,000 za ujazo, na asilimia 25 kwa injini ya lita 2.3. Kisha huja VAT ya asilimia 16, ada ya kutangaza bidhaa ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2.

Mfano utasaidia. Gari la silinda nane likikadiriwa kuwa la Sh1,000,000, ushuru wa forodha utakuwa Sh350,000, ushuru wa bidhaa Sh472,500 na VAT Sh291,600. Ukijumlisha ada hizo mbili ndogo, Sh45,000, kodi zote zinafika Sh1,159,100. Yaani kodi inaishinda bei. Mustang halisi haitakadiriwa kwa milioni moja, bila shaka, ila uwiano hubaki ule ule. Gari la silinda nne lenye thamani hiyo hiyo lingelipiwa Sh1,002,500.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo huwapa matapeli mwanya. Gari la silinda nne hubandikwa nembo za silinda nane, likauzwa kwa bei ya kaka yake. Dawa yake ni nambari ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, inayoonekana kupitia kioo cha mbele. Katika Mustang za kizazi kilichoanza 2015, herufi ya nane ikiwa F, injini ni ya lita 5.0, ikiwa H, ni ya lita 2.3. Alama ya kumi hutaja mwaka wa modeli: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020. Ya kumi na moja, tarakimu 5, huonyesha kiwanda cha Flat Rock. Nambari hiyo ilinganishwe na ile iliyo kwenye hati za gari, na kwa gari lililokwisha kusajiliwa Kenya, utafutaji wa rekodi za NTSA kupitia eCitizen utaonyesha mmiliki ni nani, na kama kuna benki inayolidai.

Sasa kuhusu hizo kilomita chache, ambazo ndizo humfanya muuzaji aitishe bei ya juu. Nambari iliyo kwenye dashibodi ni dai tu hadi ipate shahidi. Mita za kisasa ni za kielektroniki, na kuzirudisha nyuma hakuhitaji zaidi ya kompyuta ndogo na dakika chache. Kwa gari lililotoka Uingereza shahidi yupo, tena wa bure: kila gari la huko likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na maili zilizosomwa siku ya ukaguzi huwekwa kwenye tovuti ya serikali ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma akiwa na nambari ya usajili. Mnunuzi aliye Umoja anaweza kuifungua kwenye simu yake kabla ya kutuma hata shilingi. Kwa gari la Japani, itishwe karatasi ya mnada, yenye kilomita, daraja la gari na mchoro wa mikwaruzo.

Hapo pana mtego mdogo unaowanasa wengi. Magari ya Uingereza huhesabu maili. Gari linaloonyesha 40,000 limetembea kilomita zipatazo 64,000, na si mabroka wote watakaokumbuka kulitaja hilo.

Mwili wa gari pia husema. Gari lililotembea kilomita 15,000 haliwezi kuwa na mpira wa pedali uliolika, usukani unaong'aa kwa jasho la viganja, wala kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlangoni. Matairi yana tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la 2019 lenye kilomita chache linatarajiwa kuwa na matairi yake ya awali. Yakiwa mapya, muuzaji aulizwe ya kwanza yaliishia wapi.

Hata zikiwa za kweli, kilomita chache si baraka tupu. Gari lililosimama miaka mitatu limezeeka kwa namna nyingine: mafuta ya breki hufyonza unyevu, petroli huchacha, mipira ya kuzuia uvujaji hukauka na kupasuka, betri hufa, nao panya hutafuna nyaya. Matairi yaliyopita miaka sita hayafai kuaminiwa kwa mwendo wa kasi, hata yakiwa na meno yote. Gari lililoendeshwa kidogo kila mwezi na kubadilishwa oili kila mwaka, lenye stakabadhi za kuthibitisha hivyo, lina faida kuliko lile lililofunikwa turubai na kusahauliwa, ingawa hili la pili litakuwa na tarakimu ndogo za kujivunia.

Paa linahitaji ukaguzi wake. Kwenye Mustang, dereva hufungua kishikio kilicho juu ya kioo cha mbele kisha hubonyeza kitufe, na paa hujikunja lenyewe. Likunjwe na kufunguliwa mara kadhaa, isikilizwe kama mota inagugumia. Baadaye gari limwagiwe maji kwa dakika kumi, na zulia lipapaswe chini ya miguu na nyuma ya viti. Harufu ya ukungu ni dalili kwamba maji yameingia siku nyingi. Gari lisilo na paa gumu hutegemea sakafu kwa uimara wake. Hivyo likiinuliwa kwa jeki kisha mlango ukakataa kufungika sawasawa, huenda liliwahi kugongwa na kunyooshwa.

Ni wapi litakapoendeshwa? Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta kundi la Mercury Comet kutoka Marekani kushiriki Safari Rally, na ni machache tu yaliyomaliza. Ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes kwa Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza. Barabara za Nairobi zimebadilika tangu enzi hizo, na Outer Ring ni pana, lakini ukiiacha na kuingia mtaani unakutana na matuta ambayo hayakujengwa kwa kufuata vipimo vyovyote. Pua ya Mustang iko chini na itakwaruzwa.

Maegesho ni suala zito zaidi. Nyumba za Buruburu, zilizoanza kujengwa miaka ya 1970, zina nyua na mageti, na gari linaweza kulala humo. Umoja, mtaa uliojengwa miaka hiyo hiyo kwa ufadhili wa Marekani, umejaa maghorofa ya kukodisha pale palipokuwa na nyumba za chini, na wengi huegesha nje. Turubai la paa hukatwa kwa wembe mmoja. Asiye na ua wa kufungwa itambidi alipie maegesho yenye mlinzi mwaka mzima, gharama ambayo wengi husahau kuihesabu. Bima nayo iwe ya kina, na thamani ya gari iandikwe kwenye mkataba mapema baada ya kukadiriwa, kwa sababu gari la kuhifadhiwa likiibwa na kulipwa kwa bei ya soko la kawaida, mwenyewe atakuwa amepata hasara.

Ama kuhusu matumaini ya kupanda thamani, ni vyema kujua kwamba Mustang ya milioni 10 ilitoka Flat Rock Agosti 2018, nayo ilikuwa nyeupe, ya silinda nane na paa la kukunjwa. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi hivyo hakigeuki adimu upesi. Zenye nafasi nzuri ni za silinda nane, za gia za mkono, zenye rangi ya kiwandani na mafaili kamili ya huduma. Nyingine zitashuka bei kama gari lolote, na mnunuzi azilipie kwa raha ya kuziendesha.

Wapo wahifadhi wanaogeukia magari ambayo tayari yako mtaani. Kanuni ya miaka minane hugusa uagizaji tu. Haiwahusu akina Peugeot 504, waliounganishwa humu nchini hadi 2004 na walioshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Vipuri vyake havihitaji kuagizwa Michigan, na mafundi wa Kirinyaga Road au Kariobangi Light Industries walioishika injini hiyo tangu ujana bado wapo. Kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na ambayo huandaliwa na chama cha wamiliki wa Alfa Romeo katika uwanja wa Ngong Racecourse, majaji huinama kutazama chini ya gari, hufungua boneti na kupitisha macho kwenye viti. Usafi na hali ya gari ndivyo hupewa alama, na 504 iliyotunzwa Jericho hupimwa kwa jicho lile lile litakalopima Mustang.