Joto la Pangoni

Mwezi wa Februari mwaka 2006, karibu na mji wa Albany katika jimbo la New York, Marekani, mpenzi mmoja wa kutembelea mapango aliingia katika pango la Howes Cave akiwa na kamera. Aliwakuta popo wamelala wakining'inia kama kawaida yao, ila puani walikuwa na kitu cheupe mithili ya unga wa ngano. Akawapiga picha. Majira ya baridi yaliyofuata, mwaka 2007, wataalamu wa wanyama wa jimbo hilo walikuta mizoga kwa maelfu katika mapango ya jirani. Popo wengine walionekana wakiruka nje mchana kweupe, katika theluji. Popo, mchana, tena kwenye theluji! Hapo ndipo watu waliposhtuka.

Biolojia yangu iliishia kidato cha nne, ndugu msomaji, na kalamu yangu imezoea watu wa kubuni. Lakini kisa hiki nimekifuatilia kama riwaya ya upelelezi, na kinachonivuta si muuaji. Muuaji alijulikana mapema. Ni kuvu, jamaa ya ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Mwaka 2009 wataalamu waliipa jina la Kilatini, destructans, yaani yenye kuangamiza, na mwaka 2011 jaribio likathibitisha kwamba popo wazima wakipakwa kuvu hiyo huugua kweli. Kinachonivuta mimi ni joto.

Kuvu hii hupenda ubaridi. Hustawi zaidi kati ya nyuzi 12 na 16 za Sentigredi, na ikifika kama nyuzi 20 haikui tena. Popo aliye macho ana mwili wa moto kama mimi na wewe, kwa hiyo kuvu haimuwezi. Hata hawa popo wetu wanaotumalizia maembe hawana la kuogopa, maana hakuna kipupwe cha kuwalaza miezi. Kule Marekani ya kaskazini mambo ni mengine. Baridi ikiingia wadudu hutoweka, na popo mdogo wa kahawia, ambaye hafiki hata gramu 15, hana chakula. Basi huingia pangoni na kuuacha mwili upoe mpaka ukaribie ubaridi wa pango lenyewe. Moyo hupiga polepole mno. Kinga ya mwili nayo hulala. Ni kama nyumba ambayo mwenyewe kalala na mlinzi naye kalala.

Hapo kuvu huingia, ikatafuna ngozi ya mbawa. Popo huamka. Kuamka si mchezo, kwani lazima auchemshe mwili upya kwa mafuta aliyoyaweka tangu kiangazi. Popo mzima naye huamka, lakini mara chache, kila baada ya wiki mbili tatu hivi. Mgonjwa huamka mara nyingi zaidi, na mafuta humwishia kabla ya baridi kwisha. Ndiyo maana wale walionekana kwenye theluji: njaa iliwatoa nje. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2012 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ilikadiria kwamba waliokufa ni kati ya milioni 5.7 na milioni 6.7.

Sasa njoo tulitazame pango lenyewe. Zamani pango lenye joto kiasi lilikuwa chaguo la busara, kwa sababu anayeamkia mahali pa joto hutumia mafuta machache kujipasha. Kuvu ilipofika, pango lilelile likageuka kaburi, maana kadiri lilivyo na joto ndivyo kuvu inavyonenepa. Huko Michigan na Wisconsin watafiti waliwavisha popo vitambulisho na kuwafuatilia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliolala mahali pa joto walikufa zaidi, na bado zaidi ya nusu waliendelea kupachagua palepale. Nilipoyasoma hayo niliweka kalamu chini. Wanafanya kilichowaokoa bibi na babu zao, nacho ndicho kinachowamaliza. Wenzao wa Ulaya huishi na kuvu hiyohiyo bila kufa kwa wingi namna ile. Wao wameizoea kitambo, ilhali hawa wa Marekani wameletewa mgeni.

Jimbo la Pennsylvania liliamua kutowasubiri popo wajifunze. Hesabu zilizofanywa huko kati ya mwaka 2013 na 2020 zilionyesha kwamba mapango na migodi yenye nyuzi 3 hadi 6 katikati ya majira ya baridi ilikuwa na popo wadogo wa kahawia wengi kuliko ile yenye nyuzi 7 hadi 11, tena idadi ikipanda. Kwa hiyo watu walikwenda kwenye machimbo machache yenye joto wakayarekebisha ili hewa ya baridi iingie. Eti kumwokoa mgonjwa kwa kumfungulia dirisha usiku wa barafu! Lakini katika mengi ya machimbo hayo popo waliongezeka.

Waliongezeka polepole, kwani jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Ila popo huyu mdogo anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Inawezekana basi kwamba kati ya wanaojitundika leo katika ubaridi ule wamo waliozaliwa kabla ya mwaka 2006, walioonja pango la joto, kisha wakahama.