Usomaji: Utambuzi wa Maneno na Mwendo wa Macho

Usomaji ni kazi ya ubongo ya kutambua maneno yaliyoandikwa huku ukiyaongoza macho juu ya mstari. Ingawa msomaji hudhani kuwa macho yake huteleza bila kukatika, kwa kweli huenda kwa miruko ya milisekunde 20 hadi 40, na baada ya kila mruko hutua kwa takriban milisekunde 200 hadi 250, na ni katika kutua huko tu ndipo herufi husomwa.

Jicho hulazimika kuruka kwa sababu fovea, yaani kibonyeo kidogo katikati ya retina, ndiyo pekee ionayo herufi kwa ukali. Hata hivyo, majaribio ya McConkie na Rayner nchini Marekani katika miaka ya 1970, ambamo kompyuta ilibadilisha herufi kadiri jicho lilivyosogea, yalionyesha kwamba asomaye Kiingereza hunufaika na herufi 3 au 4 za kushoto na takriban 15 za kulia. Kwa wasomao Kiebrania na Kiarabu upande hugeuka, na ni haki kukisia kwamba ndivyo walivyosoma Waswahili waliozoea tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Utambuzi wenyewe hutegemea eneo dogo upande wa kushoto wa ubongo, chini kuelekea kisogoni. Mwaka 1892 tabibu Mfaransa Jules Dejerine alieleza kisa cha mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kusoma baada ya kiharusi kilichodhuru upande huo wa ubongo, ilhali aliweza kusema na hata kuandika.

Kwa kuwa kuandaa mruko huchukua takriban milisekunde 150, ubongo hutoa amri ya kuondoka kabla neno halijaeleweka kikamilifu. Maneno mafupi yaliyozoeleka mara nyingi hurukwa, yale adimu hulizuia jicho, na mruko 1 kati ya 10 hivi hurudi nyuma. Neno refu huweza kuhitaji kutua zaidi ya mara moja. Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwani “hatutawaona” ni neno moja la herufi 11 lenye ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na kitenzi. Kwa hiyo ni kosa kumpima mtoto asomaye Kiswahili kwa idadi ya maneno kwa dakika iliyowekwa kwa ajili ya Kiingereza.