Stesheni ya Tabora, Hoteli Yake na Reli Isiyofika Ngara

Nyakisasa haina stesheni, wala wilaya nzima ya Ngara haina. Lakini nusura tuipate. Mwaka 1914 serikali ya Ujerumani iliidhinisha fedha za reli ya Ruanda: ianzie Tabora, ikate mapori kuelekea kaskazini-magharibi, iishie pale Mto Kagera unapopinda, upande wetu wa Rusumo. Kazi ikaanza. Agosti vita vikazuka, ikasimama. Kwa hiyo historia ya reli yetu sharti isimuliwe kwa kupitia Tabora.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikaingia Tabora 1912, ikafika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Hoteli ya Tabora ni ya miaka hiyohiyo. Inasemekana ilijengwa iwe nyumba ya kufikia wawindaji wakubwa wa Kijerumani. Wawindaji hawakuifaidi sana. Vita vilipopamba moto, serikali yao ilihamia Tabora, na mwaka 1916, fedha zikiwa zimeadimika, karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha sarafu: rupia 15 za dhahabu, upande mmoja tembo na mlima nyuma yake. Leo wakusanyaji hununua sarafu hiyo kwa bei ya kutisha. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji.

Baada ya vita, Waingereza nao waliitamani njia ya Kagera. Walipewa Gisaka, ng'ambo ya mto, ili wapitishe reli yao ya ndoto kutoka Cape hadi Cairo, kisha wakairudisha Gisaka kwa Wabelgiji mwishoni mwa 1923. Reli waliyoijenga kweli ilitoka Tabora kuelekea Mwanza, ikafika 1928.

Hapo ndipo Tabora ilipopata kazi yake. Treni ya bara ikifika, mabehewa hukatwa: haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, mengine ya Mpanda. Kichwa kinakwenda na kurudi, behewa linagongwa, chai inamwagika, na abiria aliyesinzia anaamka akiuliza kama bado yuko kwenye treni yake. Nje wanauza asali, karanga na matobolwa. Mwenye nacho alikwenda kulala hotelini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mali ya shirika la reli. Asiye nacho alitandika kanga sakafuni, na kwa maoni yangu ndiye aliyeijua stesheni vizuri zaidi. Siku hizi hoteli inaitwa Orion, ina mwenyewe mwingine, na baraza lake bado lipo.

Sisi tuliishia kupata Isaka, kwenye njia ya Mwanza. Mzigo wa Rwanda hushushwa hapo, ukapakiwa kwenye malori yanayopita Kahama, Nyakanazi na Benaco hadi Rusumo. Mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya laki mbili kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa siku moja, chakula chao kingi kilikuja kwa njia hiyo: treni mpaka Isaka, lori mpaka Ngara.