Koo Letu, Chombo cha Sifa: Historia Fupi

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka ya kwaya yetu, tumeona vyema tukumbuke chombo ambacho kila mwimbaji alizaliwa nacho: koo. Kinanda kikiharibika hununuliwa kingine, lakini koo halinunuliwi.

Weka kidole kwenye kikoromeo, kisha umeze mate. Kinapanda. Sasa anza kupiga mwayo. Kinashuka. Humo ndimo zilimo nyuzi za sauti. Kikivutwa juu kwa nguvu kila noti ya juu inapokuja, shingo hukaza na sauti hubanwa. Wako waimbaji wazuri walioacha kuimba mapema kwa sababu hiyo.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1837, mjini Paris, mwimbaji wa tena Gilbert Duprez aliwashangaza watu kwa kuimba noti ya juu sana kwa sauti nene ya kifua. Mwaka 1840 madaktari wawili wa Lyon, Diday na Pétrequin, waliandika kwamba katika uimbaji wa namna hiyo kikoromeo hubaki chini, hakipandi pamoja na noti.

Mwaka 1841 Jenny Lind wa Uswidi, soprano wa miaka 20, alifika Paris kwa mwalimu Manuel García, sauti yake ikiwa imechakaa. García hakuanza na mazoezi. Alimwamuru apumzishe sauti kwa majuma kadhaa, kisha akamfundisha upya, polepole. Baadaye Lind aliimba katika nchi nyingi za Ulaya, na mwaka 1850 akavuka hadi Marekani.

Mwaka 1854 García huyo huyo alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiweka nyuma ya kinywa chake, na kwa kioo cha pili akaelekeza humo mwanga wa jua. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufungika. Alifariki mwaka 1906 akiwa na miaka 101.

Waimbaji wenzetu, kikoromeo hakisukumwi juu, wala hakikandamizwi chini kwa ulimi. Tuvute pumzi kwa utulivu, kama mtu anayeanza mwayo, tukiache kitulie. Koo likichoka, tulipumzishe. Hivyo mzee wa besi na kijana aliyejiunga juzi watasimama pamoja hata jubilii ijayo.

Mungu azilinde sauti zenu.