Isiyobadilika Si ya Milele

Waandishi wa teknolojia wanapoeleza mitandao isiyo na kitovu, neno linalowatoka mapema ni "isiyobadilika". Nalipenda neno hili, ndiyo maana nataka likae mahali pake. Limebebeshwa mzigo wa maneno matatu: haibadiliki, haifutiki na haipotei. Kiswahili kinayatenganisha vizuri kabisa. Sisi ndio tunaoyachanganya.

Chukua IPFS, mfumo wa kuhifadhi na kusambaza faili uliobuniwa na Juan Benet na kuanza kutumika mwaka 2015. Humo faili haitafutwi kwa jina la seva inakokaa, bali kwa anwani inayokokotolewa kutokana na maudhui yake yenyewe. Anwani za awali zilikuwa na herufi na tarakimu 46, zikianza na Qm. Ongeza nukta moja tu kwenye faili, anwani nzima inakuwa nyingine, wala haifanani na ile ya kwanza. Kinachokataa kubadilika, basi, ni uhusiano wa anwani na maudhui. Hapo "isiyobadilika" ni neno halali.

Kudumu ni suala jingine. Uturuki ilipofunga Wikipedia tarehe 29 Aprili 2017, nakala ya Wikipedia ya Kituruki iliwekwa kwenye IPFS mwezi uliofuata. Hapakuwa na seva moja ya kuzimwa. Lakini nakala ile iliishi kwa sababu watu waliamua kuihifadhi kwenye kompyuta zao. Nodi, yaani kompyuta iliyomo katika mtandao huo, isipoagizwa kushika faili huifuta inaposafisha diski. Kuiagiza nodi ishike faili watumiaji hukuita "kupini". Mimi naona "kutunza" ni bora, maana kitendo hicho kinamhitaji mtunzaji, na akichoka yeye, anwani inabaki sahihi huku haileti kitu.

Na makala zikisahihishwa? Nakala ya zamani haiguswi. Hutolewa nyingine yenye anwani yake. Kwa hili tuna neno tayari: toleo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 haikufutika ilipotoka ya 2004. Vivyo hivyo katika IPFS, kinachobadilika ni kielekezi, jina moja linaloonyesha toleo la sasa, nalo hurekebishwa na mwenye ufunguo wa siri peke yake. Kusema "maudhui yamebadilishwa" hapo ni kosa.

Hata leja za sarafu za kidijitali, yaani daftari za miamala zinazosifiwa kuwa hazibadiliki, hazijasalimika. Mwaka 2016, ether takriban milioni 3.6, sarafu za mtandao wa Ethereum, zilipochukuliwa kutoka mfuko wa uwekezaji uitwao The DAO, wengi wa watumiaji wa Ethereum walikubaliana kubadilisha leja ili kuzirudisha kwa wenyewe. Waliokataa waliendelea na leja ya zamani, leo Ethereum Classic. Kilichoamua ni mapatano ya watu.

Kwa hiyo ndugu zangu watafsiri, anwani iiteni isiyobadilika, maudhui mapya yaiteni toleo, na neno "milele" msiliandike kabla ya kuuliza nani anatunza nakala.