Ekari, Hekta na Debe: Kusoma Vipimo vya Matangazo ya Serikali Kasulu na Kibondo

Matangazo ya Serikali kuhusu ardhi na misitu hutaja hekta, utabiri wa mvua hutaja milimita, na takwimu za mavuno hutaja tani. Mwananchi wa Kasulu au Kibondo anayeyasoma hupima shamba lake kwa ekari, huuza maharage kwa debe na hununua bati kwa futi. Kila mtu yuko huru kufikiri kwa kipimo alichokizoea. Hasara huanza pale namba iliyoandikwa kwa kipimo kimoja inapotekelezwa kwa kipimo kingine.

Katika nyanda za juu za Kigoma, mfumo wa mita si mgeni kama inavyodhaniwa. Ujerumani ilianza kuutumia rasmi mwaka 1872, hivyo utawala wake katika nchi hii ulihesabu kwa mita na kilo. Waingereza waliochukua madaraka baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndio walioleta maili, galoni na ekari, ilhali Burundi, ng'ambo ya mpaka, iliwekwa chini ya Ubelgiji na kubaki na hekta. Tanzania iliurejea mfumo wa mita mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo biashara inaongozwa na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Maili imesalia katika majina ya mahali, kama Maili Moja ya Kibaha. Ekari imesalia shambani, na huko bado ina nguvu.

Hekta moja ni mita za mraba 10,000, yaani eneo la mita 100 kwa mita 100. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo hekta moja ni ekari 2.47, na mwenye ekari tano ana hekta mbili na ushee mdogo sana. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kinachosumbua zaidi ni ekari yenyewe inavyopimwa vijijini, kwa kauli maarufu ya "sabini kwa sabini".

Kauli hiyo ilikuwa sahihi ilipohusu yadi. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa 70 hutoa 4,900, tofauti ambayo mkulima anaweza kuivumilia. Yadi moja ni sentimita 91, karibu sawa na hatua ndefu ya mtu mzima, na ndiyo maana hatua zilichukua nafasi ya yadi. Lakini miguu hailingani. Anayepiga hatua za sentimita 75 atafika mita 52.5 tu kila upande, na eneo lake litakuwa mita za mraba 2,756, sawa na theluthi mbili hivi za ekari. Mnunuzi akilipa bei ya ekari nzima kwa hatua hizo, theluthi ya fedha yake imepotea bila mtu yeyote kusema uongo. Kinyume chake, anayetumia mita 70 kwa 70 hupata mita za mraba 4,900, ambazo ni ekari moja na zaidi ya moja ya tano. Ekari kamili ya pande nne sawa ina mita 63.6 kila upande. Inafaa hati ya mauziano itaje urefu wa kila upande kwa mita, pamoja na neno ekari, na vipimo hivyo vichukuliwe kwa tepu.

Kosa la namna hiyo hujirudia kwenye mbolea. Tuseme ushauri umeandikwa kilo 125 kwa hekta. Kwa ekari moja hizo ni kilo 50, yaani mfuko mmoja. Anayesoma hekta kama ekari atanunua mifuko miwili na nusu kwa eneo linalohitaji mmoja, na mbolea iliyozidi karibu na mbegu huweza kuunguza mche. Anayesoma ekari kama hekta ataweka mfuko mmoja kwenye hekta nzima, asilimia 40 tu ya kinachotakiwa, kisha ataihukumu mbolea kuwa haifai. Afisa ugani anaweza kuulizwa waziwazi: ni kwa hekta au kwa ekari?

Milimita za mvua hazihitaji kugeuzwa kuwa inchi ili zieleweke. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 10 hushusha juu ya ekari moja lita zipatazo 40,000, kiasi cha ndoo 2,000 za lita 20. Paa la mita za mraba 40 litapokea lita 400, na nyingi kati ya hizo zitafika kwenye tangi ikiwa mifereji ni mizima.

Sokoni, debe nalo limebadilika bila kutangazwa. Debe la asili, lile la mafuta ya taa, lilichukua galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18.2. Ndoo ya plastiki inayoitwa debe leo ni ya lita 20. Anayepimiwa madebe kumi kwa ndoo hiyo huwa ametoa madebe kumi na moja ya zamani, na nafaka ikirundikwa juu ya ukingo hutoa zaidi ya hapo. Tena debe hupima ujazo, wala halijui uzito. Ndiyo sababu mazao yanatakiwa kuuzwa kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ambayo hubeba stika ya uhakiki unaofanywa kila mwaka, na gunia halipaswi kuzidi kilo 100. Kinachozidi ndicho lumbesa.

Kwenye vifaa vya ujenzi vipimo vimechanganyika: nondo ni milimita, bomba ni inchi, bati ni futi. Bati la futi 10 lina mita 3.05, la mita 3 limepungua karibu sentimita tano. Galoni ya rangi dukani kwa kawaida ni lita 4, wakati galoni ya Kiingereza ni lita 4.55, hivyo fundi anayepiga hesabu ya kuta kwa galoni asome lita zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kuagiza.