Kariakoo: Soko Lenye Jina la Wapagazi



Kila inapotajwa asili ya jina la Kariakoo, maelezo huwa ya sentensi moja: eti ni Carrier Corps, Waswahili wakashindwa kulitamka. Watu wanacheka kidogo, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya vitenge. Mie ni mtoto wa mitaa ile, tumetumwa sokoni pale tangu wadogo, na kwa miaka mingi sasa nasomesha historia ughaibuni. Naona sentensi ile haitoshi, tena ina dharau ndani yake. Hakuna aliyeshindwa kutamka kitu. Watu walilichukua neno la jeshi wakalitia irabu zao, likawa lao. La kujiuliza ni kwa nini walilishika hilo, ilhali majina mengine ya wakoloni yamepotea. Acacia Avenue leo ni Samora, na vijana wengi hata hawajui kama iliwahi kuitwa vingine.

Hebu turudi nyuma. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Wajerumani walikuwa wameacha jengo lililokusudiwa kuwa soko, na eneo lile likafanywa kambi ya jeshi la wapagazi. Soko lenyewe lilikuja kufunguliwa 1923, wapagazi wamekwisha kuondoka, lakini mahali pakabaki na jina lao. Nairobi mambo yalikwenda hivyo hivyo: Kariokor ya kule, mtaa na soko lake, imezaliwa na neno lile lile.

Sasa, wapagazi hawa walikuwa nani? Vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi yetu vilipiganwa porini. Barabara za magari zilikuwa chache, na punda na ng'ombe waliuawa na ndorobo. Risasi, dawa, hema, unga, vyote vilikwenda kichwani mwa mtu, mzigo wa kilo 25 hivi. Na kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli, ndivyo sehemu kubwa ya mzigo ilivyokuwa chakula cha wabebaji wenyewe, kwa hiyo wakahitajika wabebaji wengine zaidi. Upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kufika kiasi cha milioni moja kwa muda wote wa vita. Wengine walikwenda kwa mshahara, wengi walikamatwa vijijini. Wajerumani nao walifanya yayo hayo, pengine bila malipo kabisa.

Waliokufa kwa risasi hawakuwa wengi. Kilichowamaliza ni kuhara, kichomi, malaria na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, akaupika haraka haraka kwa kuni mbichi, tumbo likamharibikia, na kesho yake anatakiwa kutembea na mzigo. Hesabu za Waingereza wenyewe zinafika kwenye wafu 95,000 na zaidi, na wanahistoria wengi wanaona hata hiyo ni pungufu. Wengi hawakuandikwa majina, na mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Kumbukumbu zao ziko wapi? Pale mjini Dar es Salaam, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, Waingereza walisimamisha sanamu ya Askari mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, hilo ni kweli, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Nairobi, mwaka 1928, angalau mpagazi alitiwa kwenye sanamu pamoja na wenziwe. Ilibidi tungoje hadi Aprili 2021 ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafika 350,000. Miaka mia nzima!

Ndiyo maana nasema kumbukumbu yao ya kweli kwetu ni soko. Watu wa Dar es Salaam hawakuwa na fedha za kuchonga sanamu. Walikuwa na jina, wakalitumia kila siku: nakwenda Kariakoo, natoka Kariakoo. Na kazi yenyewe haikuondoka. Pita Mtaa wa Kongo au Msimbazi asubuhi, utapishana na mabeberu ya mizigo vichwani, mikokoteni, vijana wanapiga kelele "pisha, pisha!" Hata jina machinga linatokana na Wamachinga wa Lindi, na kule kusini ndiko mapigano makali ya 1917 yalikopita.

Jengo tunalolijua, lile la paa la miavuli lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Julai 2021 likaungua, miezi mitatu tu baada ya ile ripoti ya makaburi, na serikali ikaingia kazi ya kulikarabati na kujenga jingine pembeni. Katika yote niliyoyasoma juu ya ujenzi huo, habari ni za vizimba, kodi na maegesho. Hayo ni ya lazima, wafanyabiashara wale wamepata hasara kubwa. Lakini kibao kimoja ukutani, kwa Kiswahili, kinachosema jina hili ni la nani, kingegharimu nini?

Na sisi tulio mbali tuna la kufanya. Babu zetu waliokwenda "vita vya Mjerumani" hawako tena, lakini wapo wazee waliosimuliwa na wao. Waulizeni majina na vijiji, nani alikwenda na nani hakurudi. Yaandikeni kabla nao hawajaondoka.